Tupeane uzoefu: nyumbani walijuaje kuwa uko loji ya Freemason?

Mlinda Mlango
Ndugu zangu, salaam. Kijana tunayetarajia kumpokea kaniuliza amwambie mkewe au anyamaze kwanza. Nikakumbuka ya kwangu. Mama mkwe alikuja toka Tanga kutusalimia, akawa anafagia chumbani, akavuta mkoba mweusi uvunguni. Ndani aproni, glavu nyeupe na kijitabu. Hakuuliza kitu. Alikunja kanga zake akaondoka na basi la jioni. Mke wangu alikuwa anajua, ila mama hakuna aliyemwambia. Semeni yaliyowakuta, tumsaidie huyu kijana. Ya kutambuana na ya shughuli zenyewe tuyaache hukohuko.

Wa Kilindini
Mke aambiwe kabla ya kiapo. Kama nyumbani hawajaridhia, asije.

Fundi Mwashi
Napinga. Anyamaze mpaka afike daraja la tatu, la fundi kamili. Utamweleza nini wakati mwenyewe bado mwanagenzi? Atakuuliza maswali kumi, utajibu moja, tisa atajibiwa saluni.

Wa Kilindini
Saluni wanajibu hata yasiyoulizwa. Ndiyo maana nasema awahi.

Kahawa Chungu
Nilikuwa nasoma tu, ila huo mkoba umenitonesha.

Mdogo wangu alifariki kwa ajali, alikuwa kwenye bodaboda wakagongwa na lori. Tukasafirisha mwili hadi Moshi. Kumbe kuna mtu kasambaza kwenye grupu la ukoo picha yangu nikiwa na suti nyeusi na aproni. Mimi sina habari, nahangaika na jeneza na turubai.

Mchungaji kamaliza, watu wanaweka udongo. Zamu yangu inafika, baba mdogo akanidaka mkono: "Wewe hutii udongo hapa. Nyama umekula, na mfupa unautaka?" Watu kimya. Mama yangu alikuwa pale pale, akainamisha kichwa. Shangazi akaanza kulia upya, safari hii analitaja jina langu. Wanangu wakatolewa kwenye mstari wa mashada. Nikasogea kwenye migomba, nikasikia chepe zinavyofanya kazi mpaka wakamaliza kumzika mdogo wangu niliyemsomesha.

Sasa sikilizeni. Siku chache baadaye walifika ndugu watatu wa loji, mmoja mzee wa Kihindi, mmoja Mwislamu wa Pangani. Hakuna aliyekuja na suti. Wakaketi chini ya turubai na wafiwa, wakala kiburu. Yule anayeshughulikia wagonjwa na wajane hakutoa bahasha mbele za watu. Alimuuliza shemeji: ripoti ya polisi ya ajali unayo? Cheti cha kifo? Muhtasari wa kikao cha ukoo wa kuteua msimamizi wa mirathi? Hakukuwa na hata kimoja. Akaenda naye trafiki, akamwelekeza RITA kwa cheti cha kifo, akamsindikiza mahakama ya mwanzo, mpaka dai la fidia likaingia kwenye bima ya lile lori. Na marehemu hakuwa hata mwanachama.

Baba mdogo hanisalimii mpaka leo. Kwa hiyo kijana amwambie mkewe, na wazazi, na baba wadogo. Wote.

Zawadi K
Pole sana kaka. Mimi ni mke wa mwanachama. Nimelia.

Jiwe la Pembeni
Hata udongo! Pole mkuu. Fidia ilitoka?

Kahawa Chungu
Bado wanavutana. Shemeji hajakata tamaa.

Mtoto wa Parokia
Ukoo wenu ungeelimishwa na padri yasingetokea. Kanisa Katoliki lenyewe lililegeza katazo la Freemason mwaka 1983.

Fundi Mwashi
Kwanza amesema mchungaji. Pili, halikulegeza. Sheria ya Kanisa ya 1983 iliacha kututaja kwa jina, lakini Novemba mwaka huohuo Kardinali Ratzinger akatoa tamko kuwa katazo liko palepale, na Novemba 2023 Vatikani ikarudia. Ni hivyo tangu Papa Clement XII, mwaka 1738. Kijana akiwa Mkatoliki aambiwe hilo mapema.

Mtoto wa Parokia
Wewe ndiye utanihesabia ninavyokomunika?

Fundi Mwashi
Nimesema kijana aambiwe. Wewe ni mtu mzima.

Mlinda Mlango
Dini hatubishanii loji, na hapa msibishane. Kahawa Chungu ana msiba.

Mzee wa Nyeri
Poleni watu wa Tanzania. Huku Kenya, Rais Moi aliunda tume mwaka 1994 kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na sisi tukatiwa katika mazungumzo hayo. Wengine walificha pete zao. Mimi nilimpeleka mama watoto kwenye chakula cha jioni cha familia, akaona ukumbi, akaketi na wake za wenzangu. Alirudi analalamika kuhusu hotuba ndefu tu. Mpelekeni huyo bibi akaone.

Wa Kilindini
Marehemu Mzee Andy Chande aliongoza wilaya yetu ya loji za Afrika Mashariki na alikuwa akiongea na waandishi waziwazi. Kujitaja mwenyewe ruksa. Kumtaja mwenzako bila idhini yake ndiyo hapana.

Njaa Kali 07
Wakuu naombeni namba ya wakala, nataka utajiri. Nimeona bango kwenye nguzo ya umeme, wanataka ada ya fomu kwa simu.

Jiwe la Pembeni
Usitume hata shilingi, mdogo wangu. Hao ni matapeli. Loji haina wakala na haimtajirishi mtu, ada unalipa wewe kila mwaka. Wanapokewa wenye kumwamini Mungu, na unaanza kwa kumuuliza mwanachama unayemfahamu.

Mlinda Mlango
Kijana kanipigia. Kamwambia mkewe. Mke hana shida na shetani, anataka kujua ada inatoka fungu lipi.

Zawadi K
Mwanamke huyo nampenda. Isitoke kwenye ada ya shule.

Kahawa Chungu
Na suti nyeusi anayo? Ninayo ya kumwazima, kiuno 36. Aje kuichukua Jumamosi, aje na mkewe.