Nitawashirikishaje wagonjwa wa presha na kisukari katika matibabu yao?

Muuguzi, Tororo
Ndugu zangu, nahudumu katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu. Wagonjwa wetu wa presha na kisukari wamezoea kuketi kimya, kunyoosha mkono wapimwe, kupokea vidonge na kuondoka. Mtu akijisikia nafuu huacha dawa, na wengine hurejeshwa kwetu wakiwa wamepooza upande mmoja, jambo linaloniumiza sana. Nimewahimiza kwa maneno mengi bila mafanikio. Nifanye nini ili matibabu haya yawe yao pia?

Mgonjwa wa presha, Busia
Dada muuguzi, asante kwa kuuliza. Kwa miaka minne niliandikiwa namba za presha katika daftari langu, lile la shule tunalojinunulia dukani, bila kuelezwa maana yake. Siku moja mhudumu alinionyesha kwamba 160/100 imepita mpaka wa 140/90, kisha akaniuliza ninadhani ni kwa nini imepanda. Nikamweleza kwamba nilikuwa nikigawana vidonge na mume wangu, ambaye naye ana presha lakini hakuwa na nauli. Hakunikaripia. Tulikubaliana nimlete siku ya soko, kijana wetu anapokuja mjini kwa pikipiki. Swali hilo moja lilinisaidia kuliko mahubiri yote niliyokuwa nimeyasikia.

Tabibu, Mbale
Naafikiana na mama. Katika VVU nchi yetu ya Uganda imekwisha kujifunza jambo hili: TASO, shirika la kuwasaidia watu wanaoishi na VVU, lilianzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake walioguswa na ugonjwa huo, na hadi leo wagonjwa wazoefu huwashauri wenzao vituoni, huku wale ambao hali zao zimetengemaa wakiweza kuunda vikundi vijijini na kupokezana zamu ya kuwachukulia wenzao dawa. Vikundi vya presha vinaweza kufuata njia hiyo, ila kuna tofauti kubwa ambayo haifai kufichwa. Dawa za VVU hufika kwa uhakika zaidi, ilhali za presha huisha stoo mara kwa mara, na mjumbe akirudi mikono mitupu mara mbili, wenzake hawatamtuma tena. Kwa hiyo waelezeni wagonjwa hali halisi ya stoo kabla hawajapoteza nauli, na mwombeni mmoja wao afikishe suala hilo mbele ya kamati ya usimamizi wa kituo, kwa maana upungufu ukielezwa na anayeumia husikilizwa kwa namna nyingine.

Muuguzi, Tororo
Nimewaelewa, na nakiri kwamba sijawahi kumuuliza mgonjwa anavyogawa vidonge vyake nyumbani. Siku ya kliniki ijayo nitaanza na daftari: kila mmoja ataelezwa namba yake, kwa Kiteso inapobidi, na wasiojua kusoma nitawawekea alama ya kalamu nyekundu au ya kijani. Suala la kamati nitalizungumza kwanza na msimamizi wangu.