Kutunga mashairi ni damu au mtu hufundishika?

KijanaMkomani
Assalam alaykum jamaa. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtungaji, hapa Mkomani, Lamu, mpaka leo ukitaja jina lake wazee wakusomea beti zake, sasa ami yangu anaoza bintiye na wote nyumbani wameamua eti shairi la harusi niandike mimi kwani "damu haipotei". Damu yenyewe siioni wallahi. Nakaa barazani na simu naandika nafuta naandika nafuta. Halafu nna rafiki yangu, babake mvuvi hajui hata vina (zile silabi za mwisho zinazofanana) ni nini, yule akianza kuandika utadhani kuna mtu anamsomea sikioni. Sasa nauliza, hii kitu mtu huzaliwa nayo au hufundishika? Kama ni ya kuzaliwa niwaambie mapema watafute mtu.

mwl_Malindi
Hufundishika kaka, na nakwambia hivi nikiwa na rundo la insha mbele yangu sasa hivi. Karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ile 102/1, ina alama 40, swali la kwanza lazima halafu lingine unachagua, na kila mwaka naona watoto walioingia kidato cha kwanza hawajui hata kupanga aya wanatoka na kitu cha kusomeka. Aliyeandika, akasahihishwa, akaandika tena ILEILE, huyo hubadilika. Anayeangalia alama tu akakunja karatasi hubaki palepale hata awe na babu watano watungaji. Ila wengi twawafundisha vibaya, twawapa orodha ya methali na misamiati mizito wakariri, basi kila insha jua linachomoza kwa mbwembwe na ndege wanaimba hata kama kisa ni cha msiba usiku wa manane.

TeziNaOmo
Mwalimu umejijibu mwenyewe. Hao wote darasa moja, chaki moja, mbona mmoja akiandika unaita walimu wenzako waje wasome na mwingine unapiga tiki tu yaishe? Mi naona kutunga ni kama kuadhini, maneno twayajua sote lakini si kila mtu akiadhini utasimama njiani usikilize. Angalia Abdilatif Abdalla na Ahmad Nassir wa Mombasa, ndugu, wote washairi wakubwa. Kama si damu ni nini? Na Abdilatif alitunga jela, 1969 mpaka 1972, huko alikuwa na mwalimu gani?

Bi_Langoni
Mwanangu Tezi, jela aliingia na mizani, hesabu ya silabi, kichwani tayari. Alilelewa na mzee mtungaji, hapo ndipo alipojaziwa. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, masikio yao yamesikia yaleyale, sasa utajuaje kilichowafanya ni damu au ni nyumba?

Sisi huku Amu (Lamu) tulikuwa na marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, katutoka 2017. Ushairi alifundishwa na bibi yake, Bi Amina Abubakar, mwenyewe mtungaji. Hakulala akaamka nao. Na utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la 1858, nyanya yangu hakujua kusoma lakini alikuwa nao wote moyoni, akiughani huku anapepeta mchele, mtoto ukisikia hayo kila siku mizani yaingia kabla hujajua kuhesabu vidole.

Wewe kijana wa Mkomani, babu yako alikughania au alikufa ukiwa mdogo? Hebu weka hapa hicho ulichoandika, acha maneno mengi.

KijanaMkomani
Alikufa nikiwa mdogo sana bi mkubwa, na baba hakuwahi kutunga, yeye ni mambo ya boti tu. Haya, mcheke polepole:

Tumekuja ukumbini
Twabisha hodi mlangoni
Tupokeeni wendani
Harusi tumeijia

Bi_Langoni
Sicheki. Kipande cha kwanza mizani minane, sawa. Cha pili hesabu nami: twa-bi-sha-ho-di-m-la-ngo-ni. Tisa! Hiyo m ya mlango yasimama peke yake, ni mizani kamili, waanzao wengi huimeza. Toa "twabisha", sema "Hodi hodi mlangoni", imekuwa minane na maana haikupotea. Cha nne umekifunga kwa "ia", basi beti zote mpaka mwisho kifunge hivyohivyo. Na hizo ni ni ni za ukumbini mlangoni ni vina vya bure, kila mtu anavyo, beti ya pili nataka kina kingine.

TeziNaOmo
Mnaona? Mtu asiye na kipaji hawezi kukosea mizani mmoja tu. Hiyo ni damu inafanya kazi 😂

mwl_Malindi
Au ni zile kanda za taarabu kwenye boti ya babake. Tezi na wewe leta beti yako tuone ya kwenu.

TeziNaOmo
Kwetu ni mafundi wa jahazi mwalimu, usinianze.

KijanaMkomani
Mwalimu umejuaje, kwenye boti huwa inapigwa toka asubuhi mpaka mafuta yaishe. Bi mkubwa shukran sana, hiyo m sikuiona kabisa, na yule rafiki yangu nilimuonyesha akasema "hapa panajikwaa" lakini hakujua kwa nini. Beti ya pili naileta baada ya isha. Harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo na wanataka beti ishirini, kwa hivyo msilale mapema.