Naombeni ushauri, miaka 7 pamoja bila ndoa

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Mimi na mwenzangu tunaishi pamoja mwaka wa 7 huu, watoto 2, ndoa bado. Mwanzoni tulisema masomo na kazi vikae sawa kwanza, kama wengi wa siku hizi, sasa vimekaa na yeye anasema cheti hakiongezi upendo. Kinachoninyima usingizi ni kwamba nchi nyingi mtu akifariki bila wosia mke wa ndoa anatambulika kwenye mirathi, sisi tunaoishi hivi hivi mara nyingi tunaachwa nje, na nyumba ina jina lake tu. Nimeongea naye mara 3, anaona kama namtabiria kifo.

Je, wosia na kuandikisha nyumba kwa majina yetu wote wawili inatosha au nisimamie ndoa? Na nianzeje kuongea asione nazipigia hesabu mali zake?