Kinundu cha milimita 8 kwenye pafu: nisubiri au nihangaike?

Mtulivu77: Wakuu, habari zenu. Juzi nilipigwa CT ya kifua (zile picha za kina za kompyuta) baada ya ajali ndogo. Mbavu zikaonekana nzima, ila wakakuta kinundu cha milimita 8 pafu la kulia, wameandika kinafanana na kioo chenye ukungu. Sikohoi, sijapungua kilo. Hiki kitu ni hatari kweli?

Bintiye: Pole mkuu. Mwombe Mungu na acha sigara.

Mtulivu77: Sijawahi kuvuta.

Kobe_Mzee: Mimi changu kilikuwa ukungu mtupu. Baada ya miezi kadhaa picha ikarudiwa, hakipo! Kumbe mabaki ya nimonia. Nilikuwa nimeshaanza kugawa viatu.

Bintiye: Viatu tena 😂

Daktari_wa_Zamu: Tuache viatu. Mtulivu, ni ukungu mtupu au kuna sehemu ngumu ndani? Majibu yanategemea hapo. Kwa mwongozo wa 2017 wa Fleischner, chama cha wataalamu wa picha za kifua, ukungu mtupu chini ya milimita 6 kwa kawaida haufuatiliwi. Ukifika 6, CT hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12, kisha kila miaka 2 mpaka itimie 5. Hata ikiwa ni saratani, ya aina hiyo hukua polepole mno.

Mtulivu77: Asante, umenitua mzigo.

Daktari_wa_Zamu: Hujanijibu.

Mtulivu77: Kuna sehemu ngumu, milimita 4. Waliandika nirudie baada ya miezi 3 hadi 6. Sasa ni mwezi wa 14. Lakini nilipiga eksirei, ikatoka safi! Kwa nini nijiongezee mionzi bure?

Daktari_wa_Zamu: Eksirei kwa kawaida haikioni kitu kama hicho, kwa hiyo usafi wake haukuambii chochote. Na ile sehemu ngumu ndiyo inayopimwa kwa makini. Ikibaki chini ya 6 bila kubadilika, unafuatiliwa kila mwaka kwa miaka 5. Ikikua, mazungumzo yanakuwa mengine.

Sogora: Ngoja kwanza. Juu umeandika "juzi", sasa miezi 14? Wakuu, hii chai. Kesho atasema mgonjwa ni jirani yake.

Kobe_Mzee: Hata mimi nimeshtuka.

Mtulivu77: Sio chai. Baba alikufa kwa saratani ya mapafu, na yeye hakuvuta. Niliposoma ile karatasi niliikunja, basi. "Juzi" niliandika kwa aibu.

Bintiye: Mke anajua?

Mtulivu77: Tusifike huko.

Daktari_wa_Zamu: Iwe chai au isiwe, anayesoma hapa akiwa na ripoti kama hiyo aende na picha ya zamani yenyewe, si karatasi tu. Tofauti ya milimita moja inaweza kuwa ya upimaji, lazima zilinganishwe bega kwa bega. CD unayo?

Mtulivu77: Ipo. Chini ya tairi la akiba kwenye buti.

Sogora: Haya, sio chai.