Naomba ushauri: Hiace ya kuoshea vioo kwa mpini wa maji hapa Goma

KijanaWaHimbi

Wandugu, salamu kwenu. Huu ni mwaka wangu wa pili naosha vioo hapa Goma, mimi na vijana wawili. Ngazi, ndoo, sabuni, raklete ya kukwangulia maji kiooni, basi. Mwezi uliopita ngazi iliteleza juu ya mawe ya lava uani kwa mteja, kijana akaanguka kutoka etaji ya kwanza, mkono ukavunjika. Tangu siku ile nikipanda ngazi magoti yanacheza, siwafichi.

Nimeona video za watu wanaosimama chini na mpini mrefu. Maji yanapanda ndani ya tuyo hadi kwenye brashi, wanasugua, wanasuuza, wanaondoka bila kufuta. Vioo vinakauka vyenyewe. Nimeamua kuingia huko. Hiace ninayo, ya petroli, ilikuwa ya kubeba abiria, viti nimeving'oa vyote. Pesa ya likilimba, ule mchango wetu wa zamu, ikinifikia nitakuwa na dola 3,500.

Mpango wangu ni tanki la plastiki la lita 1,000, yale meusi ya nyumbani, ili nisirudi kujaza mchana. Maji nitavuta ziwani nipitishe kwenye filta. Tanki likae nyuma kabisa au mgongoni kwa dereva? Pampu gani? Filta za kawaida za nyumbani zitatosha? Wateja wangu wengi wako Himbi na Les Volcans, nyumba za etaji mbili tatu, na hoteli moja ya etaji nne karibu na ziwa.

Chukudu_Namba1

Lita 1,000 ndani ya Hiace, kwa mawe haya yetu? Nunua chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kusukuma. Hilo likipinduka unaliinua mwenyewe 😂

KatindoHadiLeeds

Mdogo wangu, pole kwa kijana. Mimi nilizaliwa Katindo, sasa niko Uingereza, na hiyo kazi ndiyo inayonilisha mwaka wa sita. Nitakwambia kitu ambacho hukuuliza: gari ni jambo la mwisho. Umeanza na tanki, anza na maji.

Siri yote ya ule mpini ni kwamba maji yanayotoka kwenye brashi hayana kitu ndani. Sisemi safi kwa macho, nasema matupu. Hayana chokaa, hayana chumvi, hayana magadi. Yakikauka hakuna kinachobaki kwenye kioo, ndiyo maana hatufuti. Kuna kikalamu cha kupimia kinaitwa kipimo cha TDS, bei yake haifiki hata ya sahani ya samaki hotelini. Unakichovya, kinakupa namba ya vitu vilivyoyeyuka. Sisi tunataka 0. Ikifika 10 naanza kununa, ikizidi hapo madoa yanaonekana jua likipiga.

Sasa wewe unataka kuvuta maji ya Kivu. Umeoga maji ya ziwa toka utoto, unajua yanavyoteleza mwilini hata sabuni ikiwa imetoka. Hayo ni magadi na madini ya volkano, yanapanda kutoka chini ya ziwa. Filta ya nyumbani inatoa mchanga na harufu, haitoi kilichoyeyuka. Ukiosha hoteli ya etaji nne kwa maji hayo ukaacha yakauke, kesho yake vioo vitakuwa kama vimepakwa unga.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni chupa ya resini: maji yanapita katikati ya chembe ndogo ndogo, chumvi inabaki humo, yanatoka 0. Haihitaji umeme wala presha kubwa, lakini resini inachoka, na kadiri maji yalivyo mazito ndivyo inavyochoka haraka. Ya pili ni osmosisi: unasukuma maji kwa nguvu kwenye membrani, ngozi nyembamba ya kuchuja, inakata sehemu kubwa, tuseme 95 kwa 100 au zaidi, halafu resini inamalizia kilichobaki. Mbele ya membrani lazima kuwe na filta ya taka ya mikroni 5 na filta ya makaa, kwa sababu klorini ya maji ya bomba inaila membrani ikaisha. Na presha ya robine zetu unaijua. Itabidi uweke pampu ya kuongeza, bari 5 hivi.

Nunua kikalamu kwanza. Pima maji ya ziwa, ya bomba, na ya mvua. Rudi na namba, tuongee.

Bukavu_Ndiko

Nakubaliana na mkubwa. Huku Bukavu mimi naosha magari, nilinunua kipimo hicho kwa ajili ya maji ya betri. Maji ya bomba ya mtaani kwetu yanatoka mtoni, hayafanani kabisa na ya ziwa, namba iko chini sana. Kwa hiyo usimwige mtu wa mji mwingine. Kila robine na tabia yake.

FundiStima_Birere

Mimi nazungumzia waya tu.

Pampu hizi za voloti 12 za kusukuma maji hadi kwenye brashi zinakula kama ampea 5 hadi 7. Usiifunge kwenye betri ya kuwashia gari, jioni utaomba watu wakusukume. Weka betri ya pili, ya kutumika polepole, ampea-saa 100 inatosha siku nzima. Kati ya betri mbili weka rilei ya kutenganisha, gari likiwaka zote zinachaji, likizimwa pampu inakula ya pili peke yake. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, si karibu na pampu. Watu wengi wanakosea hapo: waya ukichunika katikati, fyuzi iliyo mbali haiokoi kitu, na wewe una petroli humo humo.

Waya wa pili ni ule wa juu. Kaka, angalia anga la Goma. Nyaya zinapita kila upande, nyingine zimelegea mpaka unazigusa ukiwa juu ya lori. Mipini mizuri ni ya kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Hata ile ya nyuzi za kioo, ikilowa maji na vumbi usiiamini. Kanuni yangu: simama mahali ambapo mpini ukikuponyoka, uangukie upande wowote ule, haufiki kwenye waya. Kama hapapo, nyumba hiyo unaiacha. Mwambie mteja hapana, yaishe.

MamaHoteli

Mwanangu, mimi nasimamia nyumba ya wageni hapa karibu na ziwa, basi nakuambia kwa upande wa anayelipa. Vioo vyangu vimeoshwa kwa maji ya ziwa miaka mingi. Vina ukungu mweupe usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Alikuja mtu mmoja na mashine zake, akaahidi vitang'aa, akapiga maji nusu siku, akaondoka na pesa, ukungu ukabaki pale pale. Ukija kwangu na huo mpini usiniahidi kitu, nionyeshe dirisha moja kwanza.

Halafu vumbi letu. Ule weusi unaoingia kila mahali ni mawe yaliyosagika, na unakwangua. Vijana wanasugua kabla ya kumwaga maji, mikwaruzo ndiyo hiyo.

KatindoHadiLeeds

Mama amesema kweli tupu, shikamoo mama. Ule ukungu ni madini yaliyogandia kioo, mpini wa maji hauutoi. Kwanza kazi ya mkono: siki, au asidi nyepesi ya kutoa chokaa, kitambaa, kidogo kidogo, usiguse fremu za alumini. Hiyo ina bei yake, usiichanganye na kuosha. Baada ya hapo ndipo mpini unavitunza.

Na kuhusu vumbi, fungua maji, pitisha brashi bila kuikandamiza, suuza kwanza. Raundi ya pili ndipo unasugua. Anza na fremu ya juu, maana uchafu wa fremu ndio unaotiririka baadaye ukakuharibia kioo.

KijanaWaHimbi

Aksanti sana wakubwa. Kikalamu nimekipata, kimeletwa na rafiki kutoka Kampala. Leo asubuhi nimezunguka na vikombe vitatu kama mtu wa maabara, motari wa pikipiki wananicheka.

Ziwa: 638. Robine nyumbani: 611, sikutegemea, nilidhani ya bomba ni mengine. Mvua ya juzi, kutoka kwenye pipa chini ya mabati ya shangazi: 14.

Nimerudia mara tatu, ni 14.

KatindoHadiLeeds

Nilikuwa nasubiri hiyo namba ya tatu. Robine yako inafanana na ziwa kwa sababu bomba la mjini nalo linavuta humo humo ziwani.

Sikiliza hesabu. Chupa ya resini ya lita 25 kwa maji ya ziwa itakupa kama lita 1,000, halafu imekwisha. Ni siku mbili au tatu za kazi. Resini inatoka ng'ambo, utafilisika kabla ya Pasaka. Chupa hiyo hiyo kwa maji ya shangazi itakupa zaidi ya mara 40 ya hapo. Miezi mingi. Bila osmosisi, bila pampu ya presha, bila jenereta.

Na kuna jambo jingine kuhusu osmosisi. Kwa kila lita moja inayotoka safi, moja au mbili zinamwagwa, na kwa maji mazito kama yale huwezi kubana sana, membrani itaziba. Nawaza wewe unamwaga maji kwenye mfereji na akina mama wamepanga bidoni mbele ya lango lako. Yale ya kumwaga yanafaa kudekia na chooni, wape angalau.

Mvua ya milimita 10 kwenye mabati ya mita za mraba 80 ni lita 800. Maji ya mwanzo yaache yapite, ndiyo yanayobeba majivu na moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo. Mvua ya Goma inapita kwenye ule moshi, ina uchachu wake, angalia misumari ya mabati ilivyoliwa. Resini itamaliza hilo.

Chukudu_Namba1

Na kiangazi? Mwezi wa sita hadi wa nane shangazi atakuwa anachota nini?

KatindoHadiLeeds

Swali zuri, na ndio wakati vumbi liko juu na simu zinaita. Yale matanki meusi ya lita 1,000 uliyotaka kuyapakia garini, yaweke nyumbani, mawili matatu, yajae mwezi wa tano. Hapo ndipo mahali pake. Yakikaribia kuisha, ndipo ufikirie osmosisi ndogo inayotonesha usiku kucha. Ukiwa umeshapata pesa ya kuinunua.

GarajiYaMajengo

Mimi ni wa kuchomea na boliti. Lita moja kilo moja, lita 1,000 ni tani, bado tanki lenyewe, bado wewe na vijana wawili, bado betri. Hiace iliyozeeka kubeba watu, springi zake ziko wapi? Weka 400. Mpini unatumia kama lita 2 kwa dakika, na unafunga maji ukihama dirisha. Lita 400 ni zaidi ya saa tatu za maji yanayotoka kweli. Siku imekwisha.

Tanki liwe la kulala, bapa, lenye kuta ndani zenye matundu. Kuta hizo ni muhimu kuliko unavyofikiri. Tanki lililojaa halina shida, lile la nusu ndilo linaloua: unapiga breki, gari linasimama, maji yanaendelea. Unaposhuka kutoka Majengo na nusu tanki lisilo na kuta utasikia lile pigo la pili mgongoni, utanikumbuka.

Liweke mgongoni kwa dereva, katikati ya magurudumu, si nyuma kabisa. Nyuma kabisa usukani unakuwa mwepesi, gari linaanza kucheza. Mikanda ya kufungia mizigo haitoshi, hilo ni fremu ya chuma iliyoshikwa kwa boliti hadi kwenye chasisi, na chini ya bati bamba nene, kwa sababu bati la Hiace peke yake linachanika kama karatasi. Kila Jumamosi kaza nati. Barabara hizi zinazifungua zenyewe, mimi nimeona.

Njoo na gari tuangalie kutu kwanza. Kama chini kumeoza sifungi kitu.

KijanaWaHimbi

Samahani nimekawia, ni siku tisa. Kwa Majengo nimefika, chini ni pazima isipokuwa kona moja, amekata ameweka chuma kipya. Fremu bado. Resini nimeagiza, ndogo, lita 11, na mpini wa nyuzi za kioo wa mita 7, wa kaboni tutaona mbele. Hoteli ya etaji nne nimeiambia isubiri. Pale mbele kuna nyaya tatu, nilisimama chini nikazipima kwa macho kama fundi alivyosema. Mpini ukianguka kushoto unazigonga.

Jana nilienda kwa MamaHoteli bila mashine. Bidoni moja ya maji ya shangazi, brashi ya mkono, siki chupa mbili. Dirisha moja la kule nyuma la jikoni, nusu nikaifanya, nusu nikaiacha. Imenichukua muda wa saa mbili na nusu, mkono umekufa. Sikufuta mwishoni, niliyamwaga yakatiririka, nikakaa kwenye kreti ya bia kusubiri. Kwa ile 14 nilikuta vidoa vichache pembeni, vya kutafuta.

MamaHoteli

Nimeliona. Mpishi aliniita akidhani kioo cha upande mmoja kimevunjika.

Yako 36 kama hayo. Njoo Jumatatu tuseme bei, ya siki peke yake, ya kuosha peke yake. Na ngazi yako usiilete kwangu.