Mrejesho: Konde hadi Vumawimbi kwa miguu

Jamani, ni mimi niliyeuliza kama asiyezoea kutembea ataweza kwenda ufukwe wa Vumawimbi kwa miguu kutoka Konde, huku kaskazini mwa Pemba. Nimeenda Jumamosi, na shoga yangu wa tangu chuoni. Ahsanteni mliosema tutoke alfajiri.

Ndani ya msitu wa Ngezi kivuli tele, majani bado yanadondosha umande. Shoga, msemaji kweli yule, alinyamaza ghafla: juu yetu popo wa Pemba, wale wasiopatikana kokote ila kisiwani kwetu, wamejifunika mbawa kama buibui jeusi. Mmoja akafumbua jicho, akatutazama, akalala tena.

Pwani tukala mkate wa kumimina, wenye mchanga kidogo. Kurudi tulidandia gari ya ng'ombe, miguu ilishagoma.