Re: Vidonge vya maumivu vilivyobaki baada ya upasuaji, naweza kumletea mama Kisumu?

Dada, pole kwa upasuaji wa goti, na Mungu ashukuriwe kwamba sasa unatembea. Vile vidonge vya oksikodoni usimletee mama kwa ajili ya magoti yake. Niko kwenye kemisti hapa Kondele, Kisumu, na ninakuambia kama ningemwambia dada wa tumbo moja.

Hiyo si Panadol. Iko jamii moja na mofini, ile dawa kali ya maumivu ya hospitali, na ikizidi mwilini hupunguza pumzi mpaka mtu anaacha kupumua usingizini. Wewe daktari alikupimia kipimo chako. Mama ni mzee, na kama anatumia dawa za usingizi hatari inazidi. Wajukuu nao je? Kidonge kimoja kinaweza kumuua mtoto mdogo. Tena oksikodoni inabanwa na sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ya kudhibiti mihadarati, kwa hiyo kuibeba ili umpe mtu mwingine ni kujitafutia kesi.

Viondoe nyumbani kabla hujafunga sanduku. Huko Marekani famasia nyingi na vituo vingi vya polisi vina kisanduku cha kutumbukiza dawa, na hakuna anayekuuliza jina. Aprili na Oktoba, DEA, idara yao ya kudhibiti dawa za kulevya, huwa na Jumamosi ya kukusanya dawa nchi nzima. Usipopata pa kupeleka, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, inaruhusu oksikodoni imwagwe chooni na kusukumwa na maji, maana ni kati ya dawa chache ambazo kuziweka nyumbani ni hatari zaidi kuliko kuzimwaga. Chupa ikibaki, futa jina lako. Walio Uingereza, rudisheni famasia yoyote.

Ila hilo la chooni tafadhali msiwaagize wazee huku. Mitaa ya Kisumu kama Manyatta na Nyalenda, vyoo vya shimo viko jirani na visima vifupi, na watu wanateka maji humo. Mzazi akitoka hospitali na mofini au tramadoli, nayo ni ya jamii hiyo hiyo, ikabaki, ifungiwe kabatini, kisha mtu wa nyumbani airudishe kwa mfamasia wa hospitali iyo hiyo na kumwomba aipokee. Asimgawie jirani mwenye mgongo.

Kuhusu magoti ya mama, tuma pesa ya kliniki badala ya vidonge, daktari wa mifupa amwangalie vizuri. Akishaandikiwa dawa, alete karatasi hapa kwangu nimweleze namna ya kuzitumia.